Shuka la Petro, Menyu ya Sinza

Nyama ya nguruwe ni ngumu kupiga picha, na naanza na ugumu huo kwa sababu hoja yangu yote imetoka humo. Ng'ombe akichomwa hupata rangi nzito ya kahawia, hata mwanga mbovu haumharibu sana. Nguruwe aliyekaangwa hubaki na weupe fulani usiovutia, na ukichelewa kidogo tu mafuta yake huganda yakafanya utando juu ya ngozi. Kamera huuona utando huo kabla ya mlaji. Dawa yake ni haraka na mwanga wa nyuma: sinia likae kati ya lenzi na dirisha, mwanga uteleze juu ya nyama ukikujia, ubao mweupe usimame upande wako kupunguza giza, na mtu awe tayari na brashi ya mafuta ya moto kuurudisha mng'ao kila unapofifia. Limau likatwe mwisho kabisa. Kachumbari isitiwe chumvi mpaka kazi iishe, maana chumvi huitoa maji nyanya zikalegea.

Hayo niliyajua nikiwa mwanafunzi wa fundi mmoja Mkristo aliyekuwa na studio Kariakoo. Yeye alipiga, mimi nilishika ubao. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga; mama yangu amesomesha Qurani chuoni watoto wa mtaa mzima, nami huvaa hijabu kazini na nje ya kazi, kwa hiyo wapishi wa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, walikuwa wakinitazama, wakimtazama fundi, kisha wakicheka chinichini. Fundi hakujali. Alikuwa na kipimo kimoja cha kujua kama picha ya chakula iko tayari. Alisema: "Kama mate hayajakujaa, sogeza taa."

Kipimo hicho ndicho kilichonifanya fundi, na ndicho kinachonizuia kupiga menyu ya nguruwe.

Swali la kama Mwislamu anaweza kuipiga menyu hiyo liliniangukia mezani kupitia mwenye mgahawa mmoja wa Sinza, Mlutheri wa Machame ambaye sisi sote tunamwita Mangi. Alikuwa anafungua tawi la pili na alitaka menyu ya picha: rosti, kavu, mbavu za kuchoma, vyote na ndizi, ugali, pilipili. Malipo yalikuwa mazuri, yangetosha kodi yangu ya pango kwa miezi kadhaa.

"Mangi, si unanijua mimi?" nilimwambia.

"Nakujua, dada'angu. Sijakuita kula. Picha haiingii tumboni."

Nikacheka, lakini jibu lake halikuwa la kuchekesha. Ni hoja kamili, na wengi wanaoikataa hawajaijibu. Naye hakuishia hapo. Alinifungulia Matendo ya Mitume, sura ya 10, akanisimulia habari za Petro juu ya dari kule Yafa. Petro anasali, inafika saa sita mchana, njaa inamuuma, chini wanaandaa chakula. Anaona kitu kama shuka kubwa kinateremshwa kutoka mbinguni, ndani yake kuna wanyama wa kila namna, wanaoliwa na wasioliwa kwa sheria yake. Sauti inamwamuru achinje ale. Anakataa. Jambo linajirudia mpaka mara ya tatu. Kwa Mangi, kesi iliishia pale: shuka lilishuka, ruhusa ikatoka, kitimoto ni halali yake.

Kwa imani yake sina la kumpinga. Lakini mimi nilisikiliza kisa kile kama mpiga picha, nikaona kitu ambacho padri wala mchungaji hana sababu ya kukiangalia. Kile alichoonyeshwa Petro kilikuwa taswira ya chakula. Hakikuwa chakula, kwa maana shuka lilirudishwa juu na hakuna aliyekula. Na katika masimulizi yale yote, Petro halaumiwi kwa kuona. Hakufumba macho, wala hakuambiwa afumbe. Alichokikataa ni amri iliyokuja na ile taswira. Angalia pia saa iliyochaguliwa: saa sita, mtu ana njaa, harufu inapanda kutoka jikoni. Mwenye mgahawa yeyote wa Sinza anaijua saa hiyo. Menyu ya picha huwekwa mbele ya mteja saa hiyohiyo, nayo haisemi "tazama". Inasema "agiza".

Kuna na sehemu ambayo Mangi aliiruka. Petro alipofika nyumbani kwa Kornelio aliyafasiri maono yale kuwa habari ya watu: kwamba asimwite mwanadamu yeyote najisi. Hilo mimi Mwislamu nalipokea kwa mikono miwili. Sinza nzima hakuna mtu aliye najisi kwangu kwa sababu ya kilichomo sahanini mwake. Nalisema wazi kwa kuwa mji huu una kumbukumbu yake. Aprili 1993 maduka ya nyama ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa hapa Dar es Salaam. Anayejizuia yeye mwenyewe na anayekwenda kuvunja duka la jirani wanaweza kuwa wamesoma aya moja, lakini hawafanyi jambo moja, na wa pili hana ruhusa ya kujificha nyuma ya wa kwanza.

Tuje kwenye hukumu. Watu wanapozungumzia Mwislamu na picha za nguruwe, hukimbilia milango mitatu, na yote mitatu ni myepesi kuliko wanavyodhani.

Wa kwanza ni najisi. Sisi wa pwani tumelelewa na madhehebu ya Shafi, na kile kitabu kidogo cha Safina tulichosomeshwa chuoni kimemweka nguruwe pamoja na mbwa katika najisi nzito: kilichoguswa kwa unyevu kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mama aliposikia nashika ubao karibu na masinia yale aliniuliza kitu kimoja tu, kama kuna mchanga safi pale studio. Lakini najisi kavu juu ya kitu kikavu haihami, na kamera haigusi nyama. Tena Imam Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu yetu, ameandika kuwa kwa upande wa dalili, kauli ya kuosha mara moja kwa nguruwe ina nguvu. Kwa vyovyote, najisi ni suala la maji na udongo. Ukishaosha, limekwisha.

Wa pili ni picha yenyewe. Kuna hadithi kali juu ya watengeneza sura, na wapo mpaka leo wanaozitumia dhidi ya kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, aliandika risala akasema kamera haiumbi kitu. Inakamata kivuli kilichokwishakuwepo, na kama kioo hakijaharamishwa kwa kuonyesha sura, kukizuia kile kivuli kisiondoke hakubadilishi hukumu. Naipenda hoja hii, na ndiyo iliyonipa mimi kazi. Ila ukiitazama vizuri inahusu picha ya kumbukumbu: sura ya baba, arusi, pasipoti. Sheikh Bakhit hakuwa na habari ya mtu anayeshika brashi ya mafuta kuamsha mng'ao. Sinia la menyu halikamatwi lilivyo. Linapangwa, linapakwa, linaangaziwa, mpaka liwe vile ambavyo halitakuwa tena mbele ya mlaji yeyote. Pale hatuzuii kivuli, tunakishona.

Wa tatu ndio ule wa Mangi: picha haiingii tumboni. Qurani inaitaja nyama ya nguruwe mahali pane, katika Al-Baqara, Al-Maida, Al-An'am na An-Nahl, na mazungumzo ni ya kula. Kama kula ndiyo haramu, asiyekula ana kosa gani?

Hapa ndipo ninapomkumbuka Jabir bin Abdillahi. Amesimulia, na Bukhari na Muslim wamepokea, kwamba mwaka wa ufunguzi wa Makka Mtume (S.A.W.) alitangaza uharamu wa kuuza pombe, mzoga, nguruwe na masanamu. Waliokuwepo wakauliza swali la watu wenye kazi mkononi: vipi mafuta ya mzoga, mbona watu hupaka vyombo vya baharini, hulainisha ngozi, huwashia taa? Yaani, mafuta yasiyoingia tumboni. Jibu likawa hapana. Wanavyuoni wakatofautiana kuhusu hiyo hapana inakwenda kwa nani. Wengi waliona kila matumizi yamekatazwa. Imam Shafi na wafuasi wake wakaona kilichokatazwa ni biashara, ama kupaka jahazi si vibaya. Sisi watoto wa Tanga, ambao babu zetu walipaka vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya papa, tunaweza kuwaelewa vizuri wale waulizaji. Na tazama mstari ulipochorwa na madhehebu yangu mwenyewe: si tumboni. Unaweza kukitumia kitu kikakufaa bila kukila, ukawa salama, lakini ukikifanya bidhaa umeshavuka. Menyu ni bidhaa kuanzia jalada mpaka jalada.

Basi hoja ya Mangi imeanguka? Bado. Ipo kauli nyingine inayomsaidia, nayo imetoka kwa mtu mkubwa kuliko sisi sote. Imam Abu Hanifa aliulizwa juu ya Mwislamu anayekodiwa na asiye Mwislamu kumbebea pombe. Akasema ujira wake ni halali, kwa kuwa kubeba si kunywa, na dhambi inatendwa na mnywaji kwa hiari yake mwenyewe. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, walimpinga, wakiitazama ile hadithi inayomlaani mbebaji pamoja na mnywaji. Mimi siwezi kusuluhisha wazee hao. Lakini ninawaona mitaani kila siku. Kijana wa bodaboda mwenye kofia ya kiua anapeleka kilo ya kitimoto Mwenge. Daktari wa mifugo, Mwislamu aliyesomea Sokoine pale Morogoro, anachunguza banda la nguruwe kwa sababu kuna homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na hadi leo unamaliza mazizi ya maskini. Nani atasimama mimbarini amwambie daktari yule aache?

Mimi mwenyewe nimepiga picha za nguruwe kwa ajili ya mwongozo wa maofisa ugani. Nguruwe wagonjwa, masikio mekundu, banda chafu, banda safi. Sikusita. Zile zilikuwa picha za kueleza. Mtu akizitazama anajua jambo ambalo hakulijua, na hakuna kinachomvuta kwenda mezani. Hata sinia la kitimoto lilelile, nikilipiga kwa ajili ya gazeti linaloandika habari za ukaguzi wa nyama, ni habari.

Picha ya menyu ni kitu kingine, na Abu Hanifa ndiye aliyenionyesha tofauti yake bila kukusudia. Yeye alimtetea mbebaji kwa sababu katikati ya mbebaji na dhambi kuna hiari ya mtu mwingine. Bodaboda anabeba kilichokwishatamaniwa, oda ilishatolewa, yeye ni miguu tu. Mimi kazi yangu iko kabla ya oda. Ninalipwa ili niiguse ile hiari yenyewe, niipinde kidogo kuelekea ukurasa wa mbavu za kuchoma. Siwezi kuitumia hiari ya mteja kama kinga yangu wakati ndiyo malighafi ninayofanyia kazi.

Mangi alinijibu, na alikuwa na haki, kwamba wateja wake ni Wakristo na kwao si dhambi. Ningeweza kumwambia kuwa Sinza haiulizi dini mlangoni, na kwamba anawajua kwa majina wateja wanaokaa kona ya nyuma na kuvua kofia kabla ya kunawa mikono. Hilo ni kweli na kila mtu Dar es Salaam analifanyia utani. Ila hoja yangu haikusimama juu ya dhambi za watu wa kona ya nyuma. Hata kama meza zote zingejaa Walutheri watupu, bado kuna mtu mmoja ndani ya chumba ambaye si Mlutheri, naye ndiye aliyeshika kamera.

Narudi kwenye kipimo cha fundi wangu. Kupiga menyu ni kutamani kwa niaba ya mtu ambaye hajafika. Usipotamani, picha inatoka safi lakini baridi, kila kitu kimeonekana na hakuna kinachoita. Mimi najua kutamani pilau, najua kutamani samaki wa kupaka, najua muhogo wa nazi ukiwa bado unatoa moshi. Na siku zile nashika ubao Kariakoo, ile ngozi ya nguruwe ilipopokea mwanga wa dirisha ikawa kama kioo cha rangi ya asali, mate yalinijaa. Ulimi haujui fikihi. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa umma huu umesamehewa minong'ono ya nafsi, ilimradi mtu asiitende wala kuisema. Huo ni msamaha mpana na ninaushukuru. Lakini mpiga picha za chakula hutenda nini anapobonyeza kitufe? Anakamata dakika ile ile ambayo nafsi imenong'ona, anaifanya ionekane, anaichapisha nakala mia mbili za rangi, anaipigia plastiki. Sijui fundi mwingine ambaye kazi yake ni kuutangaza mnong'ono wake. Mshairi labda.

Msaidizi wangu hakubaliani nami, na hoja yake si ya kupuuza. Yeye ni Msabato wa Upare, kutoka kwenye milima ambako misheni ya kwanza ya Wasabato nchini ilianza mwaka 1903, na nguruwe hamli kama mimi nisivyomla, kwa Mambo ya Walawi sura ya 11. Ila anasema kwao mwili ni hekalu, na ulinzi wa hekalu uko mlangoni. Kisichoingia hakichafui. Angeipiga menyu ya Mangi asubuhi na mchana akala maharage yake kwa amani. Tumebishana sana ndani ya daladala. Nimekuja kuona kuwa hatutofautiani juu ya nguruwe. Tunatofautiana juu ya mtu: yeye anamlinda anayekula, mimi namlinda anayetaka.

Kisha akanipiga pigo ambalo sikulitegemea, na hili ndilo ningependa wasomaji Waislamu walipime. "Dada, hebu acha nguruwe," alisema. "Lile bakuli chini ya biriani je?"

Wasiojua kazi yetu niwaeleze. Wali haujazi sinia kwa picha, hutandaa ukalala. Kwa hiyo wapiga picha wengi hufunika bakuli katikati ya sinia, wakapanga wali juu yake, nyama juu ya wali, zabibu kavu, vitunguu vya kukaanga. Mlima wa biriani unapatikana kwa wali wa watu wawili. Mteja anaagiza mlima, analetewa kichuguu. Na hii hufanyika katika migahawa yenye cheti cha halali ukutani na Ayatul Kursiyyu juu ya kaunta.

Kuna hadithi ambayo kila mfanyabiashara wa pwani ameisikia kwenye hotuba ya Ijumaa: Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakutana na unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na akaambiwa kuwa mdanganyifu hayumo katika kundi la Mtume. Sasa tia mkono ndani ya lile rundo la biriani, uone vidole vitakutana na nini. Sijawahi kuulizwa na shehe yeyote juu ya bakuli. Juu ya nguruwe nimeulizwa na majirani, na mashangazi, na dereva wa teksi. Nguruwe ni rahisi kuulizia kwa sababu anayeuliza hana hasara. Bakuli lina hasara kwa karibu kila mtu ninayefanya naye kazi, mimi nikiwemo, maana asiyetaka bakuli hukosa tenda. Kwangu hukumu ni kwamba bakuli ni zito kuliko menyu ya Mangi. Yeye alitaka niwaite watu kwenye kitu ambacho kipo kweli, na kwa dini yake kinaliwa.

Bado sikuipokea kazi yake. Nilimwambia nitampigia jengo, meza, mpishi akiwa karaini, ndizi na kachumbari kama ataona zinamfaa. Akacheka mpaka akakohoa: "Ndizi peke yake, nani atakuja?" Kisha akaomba nimtafutie mtu. Nikampa namba ya kijana wa Kimara, Mkatoliki, mkono wake mzuri kuliko wangu kwenye vyakula vya kuchoma. Ukiniuliza kama kutoa namba si kusaidia vilevile, nitakujibu kuwa hapo nilijibanza nyuma ya Abu Hanifa: nilibeba jina tu. Wanafunzi wake wawili wasingeniacha salama, najua. Menyu imetoka, na mbavu za ukurasa wa tatu zimepigwa vizuri sana.

Kwa wapiga picha wenzangu ambao dini zao zina orodha ya visivyoliwa, nina ombi dogo la kikazi. Ukiitwa kupiga menyu, omba orodha nzima ya sahani kabla hujapokea advansi, na kama kuna unayoikataa, sema siku hiyohiyo kwenye simu. Ukigoma sinia likiwa tayari mezani, mwenye mgahawa ameshanunua nyama, ameshamlipa mpishi na ameshafunga biashara ya asubuhi, na hasara yote inamwangukia mtu ambaye hajakukosea.